Mavazi ya Wanawake wa Bukoba na Muleba Kabla ya Picha za Rangi

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 19, enzi ya Uromantiki, yaani mkondo wa sanaa uliotukuza hisia na ubunifu, wanawake wa tabaka la juu wa London walifuata mitindo ya mavazi kupitia majarida kama La Belle Assemblée, lililoanzishwa mwaka 1806, ambamo michoro ilichapwa kwa bamba la shaba na nakala zikapakwa rangi za maji kwa mkono. Mikono ya gauni iliyofura begani, iliyofikia kilele miaka ya 1830, ilienea hivyo.

Katika nchi za Ihangiro na Kyamtwara, ambazo leo zimo katika wilaya za Muleba na Bukoba, mtindo haukuhitaji karatasi, kwa kuwa ulionekana kwenye nguo yenyewe. Lubugo, nguo ya gome la aina ya mtini uliopandwa kibanjani kati ya migomba, ilitengenezwa kwa kubandua gome, kulipondaponda kwa nyundo za mti zenye mifuo hadi litanuke na kulainika, kisha kulianika juani, ambako lilipata wekundu wa kahawia. Shina lililobanduliwa lilifungwa majani ya migomba ili gome jipya liote. Hapa rangi ilizaliwa na kitambaa, haikuongezwa na mchoraji.

Mchoraji alifika jirani. James Augustus Grant, mwenzi wa safari wa mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, alikaa katika ufalme wa Karagwe kwa mfalme Rumanika kuanzia Novemba 1861 hadi Aprili 1862 akiugua mguu, na huko alichora kwa rangi za maji. Hata hivyo, kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilichapisha michoro iliyochongwa kwenye mbao, kwa wino mweusi pekee, hivyo msomaji wa London aliyezoea gauni za rangi aliwaona watu wa ukanda huu bila rangi zao. Hasara hiyo si ndogo, maana lubugo bila wekundu wake hufanana na ngozi au kaniki.

Kituo cha Wajerumani cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, na baadaye reli iliyofika Kisumu, ng'ambo ya Ziwa Victoria, mwaka 1901, meli za ziwani na fedha za kahawa zilileta pamba kwa wingi. Gomesi, vazi la Buganda lenye mabega yaliyoinuliwa na kuchongoka, sasa huvaliwa pia katika sherehe za Wahaya, wenyeji wa Bukoba na Muleba. Mabega hayo hukumbusha mikono ya miaka ya 1830, ingawa mfanano huo hautoshi kuthibitisha nasaba.