Kujijeruhi kwa wanafunzi wa kike na ukatili wa kingono utotoni

Kujijeruhi kwa makusudi ni tendo la mtu kuudhuru mwili wake mwenyewe bila nia ya kujiua. Mara nyingi huanza wakati wa ujana, na kwa baadhi ya wanafunzi huendelea chuoni. Miongoni mwa mambo yanayohusishwa nalo ni ukatili wa kingono uliompata mtu akiwa mtoto.

Utafiti

Mwaka 2006 Janis Whitlock na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanafunzi karibu 3,000 wa vyuo vikuu vya Cornell na Princeton nchini Marekani. Asilimia 17 walisema wamewahi kujijeruhi. Waliorudia tendo hilo walielekea zaidi kuwa wanawake na kuwa wamewahi kudhulumiwa kihisia au kingono. Zaidi ya theluthi moja ya waliojijeruhi walisema hakuna mtu yeyote anayejua. Dai la kwamba wanaojijeruhi wanatafuta tu kutazamwa haliendani na usiri huo.

Hata hivyo, uhusiano huo usikuzwe kupita kiasi. Mwaka 2008 E. David Klonsky na Anne Moyer walilinganisha matokeo ya tafiti 43 wakakuta kwamba upo, lakini si mkubwa. Huenda ukatili hausababishi kujijeruhi moja kwa moja, bali yote mawili huambatana na mambo mengine, kama vile malezi yenye misukosuko. Kwa hiyo makovu peke yake si ushahidi kwamba msichana alidhulumiwa, na wengi waliodhulumiwa hawajijeruhi kamwe.

Nchini Tanzania utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Sababu na tiba

Wengi hueleza kwamba hujijeruhi ili kutuliza hisia kali au kujiadhibu. Aliyedhulumiwa utotoni huweza kubeba aibu kwa miaka, akijilaumu kwa kosa la mtu mwingine. Nafuu hiyo ni ya muda mfupi, na ndiyo humfanya arudie.

Tiba ya mazungumzo husaidia. Inayojulikana zaidi ni tiba ya tabia ya kidialektiki, iliyobuniwa na Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington. Humfundisha mgonjwa kustahimili dhiki na kutawala hisia zake. Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alijijeruhi alipokuwa kijana.