Jiwe la Sagranus na Ufunguo wa Maandishi ya Ogamu

Katika kanisa la St Dogmaels, wilayani Pembrokeshire, magharibi ya nchi ya Welisi, limesimama jiwe refu la kale. Husimuliwa kwamba zamani lilikuwa limelazwa juu ya kijito kuwa daraja, na waliovuka hawakujua kwamba wakanyaga jina la mtu.

Usoni pa jiwe pana herufi za Kilatini: SAGRANI FILI CVNOTAMI, maana yake, “La Sagranus, mwana wa Cunotamus.” Ukingoni mwake pana ogamu, ndiyo maandishi ya Waayalandi wa kale, waliokuwa wamehamia pande zile. Ogamu ilikuwa na herufi 20, mafungu manne ya tano tano: konsonanti ni mikato kulia mwa ukingo, au kushoto, au yenye kuuvuka mshazari; vokali ni chale ndogo tu. Husomwa kutoka chini kwenda juu.

Ufunguo wa herufi hizo ulihifadhiwa katika vitabu vya Ayalandi, kama Kitabu cha Ballymote kilichoandikwa yapata mwaka 1390. Lakini jiwe ni la karne ya 5 au ya 6. Je, katika muda mrefu hivyo wenye kunakili hawakukosea? Mwaka 1848 jiwe lenyewe lilitoa ushahidi. Mikato iliposomwa kwa ufunguo ule, yalitokea maneno haya: SAGRAGNI MAQI CUNATAMI. Majina ni yale yale, na FILI na MAQI maana yake ni moja, kama sisi tusemavyo “bin.” Wala neno hilo halikufa, ndilo “Mac” lianzalo majina mengi ya Ayalandi na Skotilandi hata leo.

Tena, tazama ile G iliyomo katika ogamu, nayo haimo katika Kilatini. Si kosa la mchongaji. Ni sura ya kale ya jina, na baadaye sauti hiyo ilidondoka katika matamshi.

Basi sisi tuandikao majina ya wazee na koo zao tusifanye haraka kuyanyosha. Mzee mmoja akitamka hivi na mwingine vile, na tuyaandike yote mawili. Kama mtu angalisahihisha jiwe lile, angalifuta habari ambayo hakuna kitabu kingalimrudishia.