Fedha ya Mtambwe Mkuu na Thamani Isiyoonekana Kwenye Mizani

Ng'ambo ya bandari ya Wete, upande wa kusini, ipo Mtambwe Mkuu, kipande cha ardhi chenye mikoko ambacho maji yakijaa huwa kisiwa. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliutaja mji wake alipoandika habari za Pemba, kisiwa ambacho Waarabu walikiita cha Kijani. Mwaka 1984 wanaakiolojia, Mark Horton akiwa miongoni mwao, walifukua hapo zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, pamoja na dinari chache za dhahabu.

Sarafu hizo za fedha ni ndogo na nyembamba, nyingine hazifikii hata upana wa ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja pana jina la mtawala, wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinakutana kwa vina. Fundi aliyechonga mihuri ya kupigia sarafu hizi alilazimika kuyaandika maneno hayo kinyumenyume, katika nafasi isiyozidi kifungo cha shati. Moja moja hazina uzito wa kumshughulisha sonara.

Lakini tazama zilichofanya. Mmoja wa watawala waliotajwa humo ni Ali bin al-Hasan, jina linalojulikana pia katika tarikh ya Kilwa kuwa la mwanzilishi wa utawala wa Washirazi. Sarafu zake hazina mwaka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi, alimweka Ali huyo karibu na mwaka 1200. Dinari za Mtambwe, ambazo ni za Wafatimiya wa Misri, zina mwaka, na ya mwisho kabisa inalingana na 1066 Miladia. Kwa kuwa dhahabu na fedha zilizikwa pamoja, Ali bin al-Hasan ikabidi arudishwe nyuma kwa zaidi ya karne moja. Historia ya pwani nzima ilisogezwa na sarafu zilizolala shimo moja! Lau mtu angeziokota akaziuza kwa mafungu, dhahabu huku na fedha kule, ushahidi huo ungepotea na kila sarafu ingebaki na bei yake ndogo.

Fedha iliyomo majumbani Pemba leo ni ya zama za karibu zaidi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa kisiwa kikuu cha karafuu. Sarafu iliyotawala biashara ya pwani karne hiyo ilikuwa reale ya Maria Theresa, reale ya Sham kama wazee walivyoiita. Masonara waliiyeyusha wakafua bangili, mitali na furungu.

Reale hiyo huwadanganya wengi. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki Malkia Maria Theresa mwenyewe, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo Vienna, na katika karne ya ishirini London, Roma na Bombay pia. Iliyo halali ina uzito wa gramu 28 hivi, fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000, na ukingoni pana maandishi ya Kilatini. Ukingo ukiwa mtupu, au sarafu ikinasa kwenye sumaku, ni ya bandia. Riyali ya Sultan Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, ni fedha vilevile, ila uhaba wake unaipandisha bei mbali kabisa na uzito wake.

Mirashi, vyetezo na sinia vinataka jicho kali zaidi, maana vingi ni vya kuchovya. Kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840, na tangu hapo vyombo vya namna hiyo vikaenea duniani. Herufi EPNS kwenye kijiko zinasema wazi kwamba fedha ni ya juu tu. Namba 925, au alama ya simba anayetembea kwenye vyombo vya Kiingereza, ni ya fedha halisi. Chombo kisipokuwa na alama, kigeuze utazame kitako na ukingo wa mdomo, pale mkono na kitambaa vilipopita miaka yote. Ukiona wekundu wa shaba au umanjano, umeshajua.

Furungu la bibi ni mali ya familia, na familia ina haki ya kuliuza. Hata hivyo inafaa kwanza kuuliza lilifuliwa wapi na lilivaliwa na nani, na kuyaandika majibu, kwa sababu sonara atalipa gramu tu. Kilichotoka ardhini ni habari nyingine. Mambo ya kale Zanzibar yana sheria tangu 1927, na mkulima anayekutana na sarafu jembeni aiache palepale ilipo, bila kuisugua kwa ndimu wala majivu, kisha aiarifu Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Akiwa Pemba hahitaji kwenda mbali: makumbusho yamo ndani ya ngome kongwe ya Chake Chake.