Kamba ya Mwindo na simu ya mukononi

Mara nyingi tunasikia wazee wakisema kama simu ndiyo iliua hadisi. Mimi sikubali neno hilo haraka namna hiyo. Ile hadisi kubwa ya Mwindo, ya ndugu zetu Wanyanga wa Walikale, yenyewe inajua kuzungumza kwa mbali. Mwindo akishuka chini ya udongo kumutafuta baba yake Shemwindo, anamuachia shangazi yake Iyangura ncha moja ya kamba, naye anaenda na ncha ingine. Kamba ikitikisika, shangazi anajua mutoto yuko muzima. Ikitulia, basi amekufa. Ile haiko simu?

Lakini tuangalie vizuri. Kamba inaleta habari moja tu: niko, ao siko. Mambo mazito hayapite ndani ya kamba. Mwindo akisha kurudi Tubondo pamoja na baba yake, watu wote wanakusanyika. Baba anakiri makosa yake mbele yao, shangazi anasema, Mwindo naye anasema. Kesi ya mutu aliyetaka kumuua mutoto wake ilikatwa uso kwa uso.

Na hadisi hiyo yenyewe iliishi vilevile. Mwenye kuijua anaitwa shekarisi. Haketi tu na kusoma maneno: anaimba, anacheza, anaiga Mwindo, anatikisa kibuyu chenye mbegu ndani. Kando yake vijana wanapiga fimbo kavu kwa mwendo wa wimbo, na watu wanaitikia, wanamutupia zawadi. Katika mwaka wa 1956, mwana elimu Mubelgiji Daniel Biebuyck alikutana na shekarisi mumoja, Candi Rureke, ku kijiji cha Bese. Kwa muda wa siku 12 Rureke aliimba na kucheza, wenye kuandika wakiandika, mupaka mwisho. Alichoka sana. Na alisema neno moja ambalo mimi ninaliona kuwa kubwa kuliko kitabu chote: kwamba hajawahi hata siku moja kuisimulia hadisi nzima kwa siku zenye kufuatana.

Tufahamu maana yake. Ku kijiji, Mwindo alikuwa anatolewa kipande kipande, leo kuzaliwa kwake, siku ingine safari yake. Ile « hadisi nzima » tunayosoma leo ilizaliwa siku ile kalamu ilipofika. Kitabu kilitoka mwaka wa 1969 kule California, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga na mujuzi wa lugha. Bila kitabu hicho, wengi wetu hatungejua kitu. Basi mashini na karatasi haviko adui. Lakini tusisahau kama hata mwaka ule wapigaji wa fimbo na wasikilizaji walikuwa pale pale. Rureke hakuimbia karatasi peke yake.

Kiisha ilikuja foni. Wenye kuishi Kivu miaka ya 1990 wanakumbuka: unapanga musitari, unangojea zamu, unapaza sauti, na chumba kizima kinasikia matata ya jamaa yako. Ilikuwa haya, ndiyo, lakini ilikuwa bado kama baraza: mutu usiyemujua anakupa pole ya kilio. Simu ya mukononi, iliyoenea kwetu kuanzia miaka ya 2000, iliondoa wale wasikilizaji. Kila mutu na sikio lake. Siku hizi kwa WhatsApp unatuma sauti yako, mwenzako anaisikiliza kesho, ao haisikilize kamwe. Juu ya jamaa zilizotawanywa na vita, wamoja Goma, wengine Kampala, ile ni baraka kubwa, na mimi sitaiharibia jina.

Ila nitasema kosa langu. Katika 2019 nilienda kumuona babu, upande wa mama, ili nichukue hadisi zake ndani ya simu. Nilifunga mulango, nikafukuza batoto, juu sauti isiingiliwe. Nikanyamaza kabisa, simu mukononi. Babu akaanza vizuri. Akafika pale ambapo wasikilizaji wanapashwa kuitika, akangoja. Mimi kimya. Akaendelea kidogo, akangoja tena. Alikuwa anakata njia, sungura anaruka moja kwa moja mupaka ku mwisho bila mutego wala wimbo. Babu alifariki kabla sijarudi tena.

Ile sauti ninayo bado. Ni dakika 11. Karibu na ya 6 inasikika akiuliza, « Wee mutoto, umelala? », halafu mimi, pole pole: « Hapana, babu, endelea. » Na kule inje, mbali kidogo, batoto banacheka.