Bastola Kiunoni, Mtu Kitini

Vijana wanaokuja kujifunza kazi ya ngozi kwenye karakana yangu hapa Nairobi hawataki kuanza na hatamu, wala mkanda wa saa. Wanataka ala ya bastola, ile inayofinyangwa ngozi ikiwa imelowa mpaka ikashika umbo la kitu kilichomo. Wengi wao hawajawahi kushika silaha. Wameiona kwenye sinema, au wana mjomba mlinzi mwenye leseni. Siwakatazi. Kwa mwanagenzi ni kazi nzuri: kipande kimoja cha ngozi, mkunjo mmoja, mshono mmoja. Lakini kisu hakigusi ngozi kabla sijawasimulia ala ilikotoka, kwa sababu asiyejua kwa nini ilikatwa hivyo ataiga ile ya sinema, nayo ndiyo mbovu kuliko zote kwa mtu mwenye shughuli zake.

Mimi ni fundi wa matandiko ya farasi, basi huenda navutia kwangu. Hata hivyo nashikilia hili: umbo la ala limetokana zaidi na mahali mwenye bastola alipokuwa akikaa, kuliko lilivyotokana na bastola yenyewe.

Hapo kwanza bastola ilikuwa mzigo wa farasi. Askari wa farasi wa Ulaya na Marekani walining'iniza mifuko miwili ya ngozi mbele ya tandiko, mmoja kila upande wa shingo ya mnyama, na ndani ya kila mfuko bastola ndefu ya risasi moja. Mwaka 1847 Samuel Colt alipotoa rivolva kubwa ya risasi sita kwa ushauri wa Samuel Walker, uzito wake ulizidi kilo 2, nayo ikaenda kule kule tandikoni. Ubaya wa mpango huo hauhitaji maelezo marefu. Farasi akikuangusha, anakimbia na silaha yako.

Mwaka 1851 Colt alitoa nyingine, ya kilo 1 na ushei. Iliitwa Navy, na kwenye silinda yake ilichorwa vita vya baharini vya mwaka 1843 kati ya meli za Texas na za Mexico. Mabaharia ndio waliopewa sifa ya jina, ila walioigombania ni watu wa nchi kavu. Wakati huo California ilikuwa imejaa watafuta dhahabu, na San Francisco imejaa mafundi wa matandiko waliokuja kuwauzia. Duka la Main & Winchester lilifunguliwa pale mwaka 1849. Humo na katika maduka ya jirani zao ndimo ilimoshonwa ala ambayo wakusanyaji wa vitu vya kale waliipachika baadaye jina la Slim Jim: ngozi moja iliyokunjwa, ikashonwa ukingo mmoja, nyembamba, imefuata mtutu na silinda hatua kwa hatua, na kitanzi nyuma cha kupitisha mkanda.

Watu huniuliza nani aliwafundisha mafundi wale kufinyanga ngozi namna hiyo. Hawakuwa na haja ya kufundishwa. Fundi wa matandiko kazi yake ya kila siku ni kulowesha ngozi, kuivuta juu ya kiunzi cha mbao, kuipiga, kuifinya na kuiacha ikauke imeshika. Walikuwa wametandika farasi maisha yao yote. Safari hii wakatandika chuma. Walijua pia kwamba mtu aliyepanda farasi paja lake limeinuka mbele, kwa hiyo ala ikikaa chini itagonga tandiko kila hatua. Ndiyo maana Slim Jim ilivaliwa juu, karibu na mfupa wa nyonga, na ndiyo maana ilibana. Farasi anayekwenda shoti hana huruma na kitu kilicholegea.

Hapa huwasimamisha vijana niwaonyeshe ngozi mbili. Moja imetengenezwa kwa magome, nyingine kwa kromu. Ninazitia zote kwenye beseni la maji ya uvuguvugu mpaka vipovu viishe kutoka, ninazifunika juu ya gogo, ninabonyeza kwa kidole gumba, kisha tunaendelea na kazi nyingine. Kesho yake ile ya magome imekuwa ngumu na alama ya kidole imo. Ile ya kromu imerudi ilivyokuwa. Tanini ya magome hujaa katikati ya nyuzi za ngozi. Maji yakiingia nyuzi husogea, yakitoka hukaa zilipo. Kromu hufunga nyuzi kwa namna nyingine, ngozi inakuwa laini na haipendi kushika umbo. August Schultz wa New York alipata hataza ya kutengeneza ngozi kwa kromu mwaka 1884, na tangu hapo viwanda vikapenda njia hiyo kwa kuwa haimalizi miezi kwenye mashimo ya magome. Ni ngozi nzuri ya viatu na mabegi. Kwa ala ni hasara tupu, na mwanagenzi anayenunua ngozi sokoni kwa kuangalia rangi tu atalowesha, atafinya, atalia.

Magome yenyewe hayako mbali nasi. Mwati, mti wa Australia uliopitia Afrika Kusini, ulipandwa kwenye nyanda za juu za Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na wakulima wakawa wakibandua magome na kuyauza. Thika na Eldoret palikuwa na viwanda vya kukamua tanini ya kupeleka ng'ambo. Kusini mwa Tanzania, Njombe, kampuni ya mwati ilianza mwaka 1949. Pwani nako magome ya mikoko yalisafirishwa kwa kazi hiyo hiyo. Sitashangaa kama mikanda mingi ya polisi wa Ulaya imeiva kwa miti ya kwetu, halafu tukauziwa sisi wenyewe.

Turudi kwenye farasi. Jeshi la Marekani halikuifuata California. Lilitaka kifuniko, mvua isiingie kwenye baruti, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe askari wake wa farasi walivaa ala upande wa kulia, mpini wa bastola umeelekea mbele. Ukivaa hivyo ukiwa umesimama dukani unajiona mjinga. Ukipanda farasi unaelewa: mkono wa kulia umehesabiwa kuwa wa upanga, na wa kushoto unaweza kuvuka tumbo ukaifikia bastola.

Huko India, Mwingereza Sam Browne alipoteza mkono wa kushoto vitani mwaka 1858. Mkono huo ndio unaoshika ala ya upanga isicheze mtu anapotembea, naye hakuwa nao tena. Akaongeza kwenye mshipi ugwe wa ngozi unaopita begani, ukabeba uzito wa upanga na kutuliza kila kinachoning'inia, bastola ikiwemo. Baadaye maofisa wa Uingereza wenye mikono yao miwili kamili wakauvaa, na kutoka kwao ukafika hapa. Siku ya gwaride afisa wa polisi wa Kenya akipita na ule mkanda uliokatiza kifua, amevaa dawa ya kilema cha mtu mmoja. Sioni aibu ndani yake. Ni ushonaji wa akili.

Risasi za maganda ya shaba zilipozoeleka katika miaka ya 1870, mkanda ukawa mpana ili ubebe safu ya risasi, na kitanzi chembamba cha Slim Jim hakikuupita. Ndipo ikaenea ile ya Kimexico. Ngozi ya nyuma inaachwa ndefu, inakunjwa ishuke kama sketi, inakatwa matundu, na mfuko wa bastola unapenyezwa humo. Inaingia mkanda wowote. Hii ndiyo ninayompa mwanagenzi wa pili au wa tatu, kwa kuwa makosa yake mengi hufichika nyuma ya sketi.

Kisha gari likaja. Huko El Paso, Texas, miaka ya 1920, fundi S. D. Myres alimshonea Tom Threepersons, mlinda sheria wa enzi za marufuku ya pombe, ala iliyovuliwa kila kitu. Sketi haipo. Juu imekatwa chini kiasi kwamba kifyatulio na nyundo viko wazi. Imebana, imeinama kidogo mpini mbele, iko juu kiunoni. Wengi husifu wepesi wake wa kuchomoa. Mimi naona kiti cha gari. Sketi ndefu juu ya kiti inakunjamana, inasukuma bastola juu mpaka kwenye mbavu. Baadaye Bill Jordan, wa doria ya mpakani, alikuja na suluhisho jingine: kiungo kigumu kinachoiweka bastola mbali na mwili, ikashuka pembeni ya kiti. Ala yenye kifyatulio wazi, hata hivyo, simruhusu yeyote aishone kwangu. Kidole au kipande cha nguo kikiingia pale, mguu umekwenda.

Watu wa sinema hawakai. Hilo ndilo jibu langu kwa kila kijana anayeleta picha ya ala iliyoning'inia pajani na kufungwa kwa kamba mguuni. Mwigizaji anasimama katikati ya barabara, anachomoa, kamera inazimwa. Katika miaka ya 1950 Arvo Ojala aliwatengenezea ala zenye bati katikati ya ngozi mbili, silinda ipate kuzunguka bila kukwama, akawafundisha na kuchomoa. Yeye mwenyewe ndiye anayepigwa risasi mwanzoni mwa tamthilia ya Gunsmoke. Kazi yake ilikuwa safi kabisa kwa shughuli iliyokusudiwa. Mpandishe farasi mtu aliyevaa ala ile uone itakavyompiga goti.

Waandishi nao wana yao. Ian Fleming, katika Dr. No ya mwaka 1958, alimpa James Bond bastola ya Walther PPK akaitia kwenye ala ya Berns-Martin, ambayo ilishonwa kwa ajili ya rivolva. Inashika silinda kwa chuma cha ndani, na PPK haina silinda. Fundi yeyote angemwambia.

Sasa kuna plastiki. Kydex ilitolewa na Rohm and Haas mwaka 1965 kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Unaipasha moto, unaibonyeza, inapoa imeshika. Hainywi jasho, wala haitoi kutu ya kijani kwenye maganda ya shaba kama ngozi inavyofanya ukiacha risasi humo muda mrefu. Siidharau. Ila kwa mtu anayeketi kutwa nzima inachoma nyama.

Basi kazi inaanza. Tunachonga mfano wa bastola kwa mti, maana silaha ya kweli haiingii karakana yangu, iwe na risasi au haina. Karatasi ngumu inakunjwa, mfano unalazwa kwenye mkunjo na kuchorwa kwa penseli, tunaongeza unene wa ngozi na nafasi ya mshono. Ngozi ya milimita 3, haizidi 3 na nusu. Mshono ni ule wa tandiko: uzi mmoja uliopakwa nta, sindano mbili, kila tundu la msharasi linapitwa mara mbili, hivyo sehemu moja ikikatika kwingine kunabaki. Kisha maji, kidole gumba, na kipande cha mfupa kufuata kingo. Kavu ya kivulini, si ya juani wala ya jikoni. Na kabla ya haya yote, mteja anaulizwa swali ambalo vijana hulicheka mpaka waone linavyobadilisha kiolezo: kutwa nzima unakaa wapi? Wa juzi alisema kwenye lori la kusindikiza fedha, kiti cha nyuma, mkanda wa usalama kulia. Tukahamishia ala kushoto.