Betri za Babu

Mwaka 1979, Klabu Bingwa Afrika, Simba ilifungwa 4–0 na Mufulira Wanderers ya Zambia, tena hapa hapa Dar es Salaam. Marudiano kule Lusaka, Simba ikashinda 5–0. Babu, mvuvi wa Ziwa Jipe, alinisimulia mechi hiyo bao kwa bao: redio juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wavuvi kimya. Nikaiandika kwenye daftari la utafiti wangu wa uzamili.

Alipofariki nilimsomea bibi. Akacheka.

"Mechi gani, mjukuu wangu? Betri zilishakufa."

Betri zilikuwa adimu. Zikichoka zilianikwa juani zipate uhai kidogo. Baada ya yale manne, babu aliikatia tamaa timu, akazimalizia kwenye dansi: Mlimani Park, Marijani Rajab. (Roki ya akina Sunburst aliiita kelele.) Matokeo ya Lusaka aliletewa na mchuuzi wa samaki, siku mbili baadaye.

Msimamizi wangu anataka niufute ukurasa ule. Sijaufuta. Nimeandika pembeni kwa penseli: betri hazikuwepo. Mabao matano nimeyaacha palepale.