Kuku anapochechemea: Lipi hutibiwa nyumbani, na lipi ni la daktari wa mifugo?

Kuku akianza kuchechemea, mfugaji hujikuta njia panda: amtibu, amchinje, au ampeleke sokoni kabla hajakonda. Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Baadhi ya matatizo ya miguu hupona kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na subira, ilhali mengine ni dalili ya maradhi yanayoweza kuwamaliza kuku wa mtaa mzima.

Suala hilo linawagusa kwa karibu wafugaji wadogo wa Biharwe, mashariki mwa mji wa Mbarara kwenye barabara kuu iendayo Masaka na Kampala, pamoja na wakazi wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale katika wilaya jirani ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda.

Nakivale ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo inahifadhi zaidi ya watu 100,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda. Tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, limekuwa likigawa msaada kwa wakimbizi nchini Uganda kulingana na kiwango cha uhitaji wa kila kaya. Kwa familia ambayo mgao wake umepungua, kuku watano si pambo la uani. Ni mayai ya watoto, daftari la shule na nauli ya kwenda hospitali.

Mguu unaeleza nini?

Kabla ya kutafuta dawa, kuku hukamatwa kwa utulivu, ikiwezekana jioni akiwa amelala, kisha miguu yote miwili hulinganishwa kwenye mwanga. Magamba, nyayo, vidole, viungo na mifupa huchunguzwa kimoja baada ya kingine.

Swali la msingi ni hili: je, tatizo liko mguuni, au mguu unatoa taarifa ya ugonjwa ulioko mwilini? Kuku mwenye kidonda wayoni ambaye anakula vizuri na ana macho maangavu huenda akatibiwa nyumbani. Kuku ambaye mguu wake umepooza bila jeraha lolote ni habari nyingine kabisa.

Magamba yaliyoinuka

Miguu ya kuku mwenye afya ina magamba laini yaliyolala. Magamba yakiinuka, yakawa mazito na kufunikwa na ukoko mweupe, chanzo huwa ni utitiri wa miguu, ambao kitaalamu huitwa Knemidocoptes mutans. Mdudu huyo haonekani kwa macho. Huchimba chini ya magamba, huishi humo na kuhamia kuku mwingine wanapolala wakiwa wamegusana.

Miguu huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha husuguliwa taratibu kwa mswaki laini na kukaushwa. Magamba hayang'olewi kwa nguvu, kwa kuwa huacha vidonda. Baada ya hapo mguu mzima hupakwa mafuta mazito ya mgando au mafuta ya kupikia, ambayo huwanyima wadudu hewa. Zoezi hilo hurudiwa kila baada ya siku chache kwa muda wa wiki tatu hadi nne, na kuku wote wa banda hutibiwa pamoja.

Mafuta ya taa na dizeli, ambavyo wafugaji wengi huvitumia, huunguza ngozi na vinapaswa kuepukwa.

Jipu la wayo

Uvimbe chini ya mguu wenye kigaga cheusi katikati ni dalili ya jipu la wayo. Mara nyingi husababishwa na bakteria aina ya Staphylococcus aureus wanaoingia kupitia mchubuko mdogo. Mchubuko wenyewe hutokana na mawe, vipande vya waya, kuruka kutoka kwenye fito zilizo juu mno, au kusimama muda mrefu kwenye kinyesi chenye unyevu. Misimu ya mvua, kati ya Machi na Mei na kuanzia Septemba, huongeza hatari hiyo pale ambapo sakafu ya banda ni udongo mtupu.

Ukigundulika mapema, mguu huloweshwa katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 15, hukaushwa, hupakwa iodini na kufungwa kwa kitambaa safi kinachobadilishwa kila siku. Kuku hukaa mahali pakavu hadi apone.

Kulikamua jipu ni kosa la kawaida. Usaha wa ndege si majimaji kama wa binadamu, bali huganda mithili ya jibini, hivyo kutoboa hakuutoi, na kunaweza kusukuma maambukizi hadi kwenye kiungo. Uvimbe mkubwa hufunguliwa na daktari wa mifugo. Anayemhudumia kuku anapaswa kuvaa glavu na kunawa kwa sabuni, kwani bakteria hao huweza kuambukiza vidonda vya watu.

Lishe duni na kamba mguuni

Kifaranga wa wiki moja hadi tatu ambaye vidole vyake vimejikunja kwa ndani huenda amekosa vitamini B2. Vitamini za kuku zinazochanganywa na maji ya kunywa husaidia zikitolewa mapema. Zikichelewa, ulemavu hubaki. Mifupa laini na miguu iliyopinda huashiria upungufu wa vitamini D, kalsiamu au fosforasi, hasa kwa vifaranga wanaofungiwa ndani bila kuona jua.

Kuku wanaotaga nao wamo hatarini. Ganda la yai moja lina takriban gramu mbili za kalsiamu, na kuku asiyeipata katika chakula huitoa mifupani mwake hadi ashindwe kusimama. Pumba za mahindi pekee hazitoshi. Dagaa, ambao Uganda huitwa mukene, pamoja na maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa, huziba pengo hilo. Hata hivyo, chakula cha kuku wanaotaga hakifai kwa vifaranga, kwa sababu kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

Chanzo kingine ni mkono wa binadamu. Kuku hufungwa kamba mguuni wasiharibu mahindi na maharage ya jirani, na hubebwa kwa baiskeli au bodaboda wakining'inia kichwa chini. Nyuzi za magunia na za maturubai yaliyochakaa nazo hujiviringisha kwenye vidole na kuzuia damu kupita. Uzi ukiondolewa mapema, kidole hupona. Mfupa uliovunjika chini ya goti huweza kufungwa gango jepesi kwa takriban wiki tatu.

Wakati wa kumwita daktari

Kuku, hasa mchanga, anayelala mguu mmoja ukiwa mbele na mwingine nyuma huenda ana mahepe, ugonjwa wa virusi usio na tiba. Kinga yake ni chanjo inayotolewa siku kifaranga anapoanguliwa, hivyo mnunuzi anapaswa kuuliza iwapo vifaranga wamechanjwa.

Kupooza kunakoandamana na shingo kupinda, kuhara kijani, kupumua kwa shida au vifo vya ghafla huashiria kideri, kinachojulikana pia kama mdondo au Newcastle. Nao hauna tiba. Chanjo ya I-2, inayodondoshwa jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne, hustahimili joto kuliko chanjo nyingi na kwa hiyo inafaa vijijini. Pale ambapo kuku wa majirani huchanganyika, faida yake ni kubwa zaidi wote wakichanjwa kwa pamoja.

Kuku mwenye dalili hizo hutengwa mara moja, na afisa mifugo hujulishwa. Kumpeleka sokoni ni kuusafirisha ugonjwa hadi kwenye mabanda ya wengine.

Tahadhari ya dawa

Mbarara ni eneo la ng'ombe wa Ankole, na dawa nyingi za mifugo hutengenezwa kwa wanyama wakubwa. Dawa ya minyoo na utitiri kama ivermectin, iliyokusudiwa ng'ombe wa mamia ya kilo, haikadiriwi kwa macho kwa kuku wa kilo moja na nusu. Viuavijasumu navyo haviponyi virusi, utitiri wala upungufu wa vitamini. Kila dawa ina muda ambao mayai na nyama havipaswi kuliwa, na muda huo huelezwa na daktari au lebo.

Kinga iliyo rahisi zaidi ni banda kavu lenye maranda au nyasi zinazobadilishwa, fito nene zilizolainishwa zisizozidi nusu mita kutoka chini, na kuku wageni kutengwa kwa angalau wiki mbili kabla ya kuchanganywa na wenyeji.